Ardhi Ina Mlinzi, Maandishi Hayana: Makaburi ya Kiyahudi Ujerumani

Uliza ofisi ya manispaa yoyote Ujerumani kaburi litakaa miaka mingapi, utapewa tarakimu: 20, 25, pengine 30, kutegemea udongo na kanuni za mahali. Muda ukiisha na ndugu wasipolipia tena, jiwe huondolewa na nafasi hupewa maiti mwingine. Mjerumani haoni ajabu. Makaburi ya Kiyahudi yako nje kabisa ya hesabu hiyo. Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi ardhi ya kaburi ni ya maiti, haipangishwi wala haifukuliwi, na aliyelazwa hapo hulala mpaka ufufuo. Kiebrania huyaita makaburi "nyumba ya milele", au kwa tafsida "nyumba ya walio hai". Wayahudi wa Ujerumani wenyewe walisema kwa mkato tu: "mahali pema".

Mahali pema pa namna hiyo pamebaki zaidi ya 2,000 nchini humo. Pengi pako kando ya vijiji ambavyo Wayahudi wake wa mwisho walipandishwa treni na Wanazi wa Hitler kupelekwa mashariki kuuawa mwaka 1941 au 1942, na tangu hapo hakuna mtoto wala mjukuu wa kuja kung'oa majani. Hata hivyo ukifika utakuta uzio mzima, lango lina kufuli, nyasi zimefyekwa. Mgeni huondoka ameridhika. Asiharakishe. Asogelee jiwe moja, lolote la kabla ya 1850, ajaribu kulisoma. Mara nyingi ataona nusu ya mstari, kisha ubapa mtupu wa jiwe, kisha herufi mbili tatu zinazoning'inia pembeni. Kinacholindwa pale ni ardhi. Maandishi, ambayo ndiyo yanayosema aliyelala ni nani, yanakwenda punje baada ya punje, na katika bajeti hayana fungu lake.

Mfumo wenyewe ni wa 1957. Mwaka huo serikali kuu na majimbo walikubaliana, baada ya mazungumzo na mashirika ya Kiyahudi, kwamba makaburi yaliyobaki bila jamii ya kuyatunza yatatunzwa kwa fedha za umma, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka jimboni. Ardhi kwa kawaida ni mali ya jumuiya za Kiyahudi za jimbo, zilizorudishiwa baada ya vita. Kazi ya mikono hufanywa na manispaa au mtu wa bustani aliyepewa zabuni, na malipo hukadiriwa kwa mita ya mraba. Kitazame vizuri kipimo hicho. Eneo lenye mawe 50 na eneo lenye mawe 500, ukubwa ukiwa mmoja, fungu ni lile lile. Anayelipwa kwa mita analipwa kwa nyasi. Uzio, lango, njia, matawi yanayotishia kuanguka, jiwe lililolala kusimamishwa: hayo yamo. Kupiga picha, kusoma, kutafsiri, kuokoa uso wa jiwe unaobanduka: hayo hutegemea huruma ya jimbo, wakfu fulani, ofisi ya turathi, au walimu wastaafu wa kijijini waliojifunza Kiebrania uzeeni kwa ajili hiyo tu. Hao wastaafu, kwa maoni yangu, wamefanya zaidi ya wizara.

Usidhani waliopanga mfumo huo walikuwa wazembe. Walifuata kile ambacho dini yenyewe inakitanguliza. Mbele ya sheria ya Kiyahudi deni kwa maiti ni ardhi yake isiguswe. Jiwe ni heshima tu, na likisagika kwa mvua hakuna dhambi. Mfano ulio wazi zaidi uko Ottensen, mtaa wa Hamburg. Makaburi ya hapo yalianza katika karne ya 17. Wanazi walijenga handaki la kujikinga na mabomu juu yake, na baada ya vita kiwanja kikauzwa, duka kubwa likasimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 duka hilo lilipovunjwa ili kujenga kubwa zaidi lenye maegesho chini ya ardhi, Wayahudi wa madhehebu makali walikuja kutoka nchi mbalimbali wakakaa mbele ya matingatinga. Suala likapelekwa Yerusalemu kwa rabi mkuu wa mji huo, Itzchak Kolitz. Uamuzi wake wa 1992 ulikuwa wa kifundi kuliko wa kisiasa: msichimbe, wekeni bamba la zege juu ya ardhi, jengeni juu ya bamba. Maegesho ya chini yakafutwa. Leo watu wananunua samaki na viatu hapo, na kwenye ngazi ndani ya jengo kuna orodha ya majina ya waliolala chini. Hakuna jiwe hata moja lililosimama juu ya kaburi lake, lakini kwa macho ya dini deni kubwa limelipwa. Anayeyatazama makaburi kama makumbusho atakasirika. Anayeyatazama kama nyumba ya maiti ataelewa.

Kwa hiyo anayetaka kuokoa maandishi lazima ajue anacheza uwanja wa nani. Hawezi kufika na koleo.

Lakini yapo mambo ambayo jiwe peke yake linayajua. Pwani ya Waswahili nguzo inayosimamishwa kichwani na miguuni pa kaburi huitwa shahidi. Mawe ya kale ya Kiyahudi huanza mara nyingi kwa mstari wa kitabu cha Mwanzo, pale Labani anapomwambia Yakobo kwamba chungu ya mawe na iwe shahidi, na nguzo na iwe shahidi. Mawazo ni yale yale: jiwe linatoa ushahidi. Katika makaburi ya Worms kando ya mto Rhein, ambako jiwe la zamani kabisa linalosomeka ni la 1058 au 1059, ushahidi huo umesimama palepale ulipowekwa. Ni makaburi ya Kiyahudi ya kale kuliko yote yaliyobaki mahali pake Ulaya, yana mawe kama 2,500, na yalitumika hadi 1911. Mengi yanatazama kusini, si mashariki kama desturi inavyotaka. Tangu 2021 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na mabaki ya Speyer na Mainz, miji mitatu ambayo Wayahudi waliiunganisha kwa herufi za mwanzo za majina yake ya Kiebrania wakaiita ShUM.

Hapo Worms kuna mawe mawili yaliyosimama bega kwa bega, na wageni huyafunika kwa vikaratasi vya maombi vilivyokandamizwa na vijiwe. Moja ni la rabi Meir wa Rothenburg, aliyetiwa kifungoni na mfalme Rudolf wa Ujerumani mwaka 1286 na kufia humo 1293. Maiti haikutolewa. Ilikaa miaka 14 mpaka tajiri mmoja, Alexander ben Salomon Wimpfen, alipoikomboa kwa fedha mwaka 1307, kwa sharti moja: yeye mwenyewe akifa azikwe ubavuni mwa rabi. Ndivyo ilivyokuwa. Watu waliowahi kununua maiti yao kutoka kwa mfalme hawawezi kuchukulia shimo la kaburi kwa wepesi.

Kwa nini basi makaburi ya vijijini yako mbali hivyo, kilomita kadhaa msituni au kwenye mteremko ambao hata mbuzi angelalamika? Kwa sababu bwana wa eneo aliwauzia Wayahudi ardhi isiyofaa kwa lolote: mchanga, mawe, kivuli, mpakani. Ndiyo maana jamii nyingi ziliungana kununua eneo moja. Waibstadt huko Baden, au Rödelsee, Allersheim na Kleinbardorf huko Franken, ni makaburi ya pamoja ya namna hiyo, na maiti aliletwa kwa mkokoteni kutoka mbali, mara nyingine akilipiwa ushuru njiani kama mzigo wa chumvi. Umbali ule ule uliokuwa adhabu ukaja kuwa kinga. Mwaka 1938, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba, sinagogi zilizokuwa katikati ya miji na vijiji ziliteketea au kuharibiwa mikononi mwa Wanazi, zaidi ya 1,400. Makaburi mengi ya msituni yaliponea kwa uvivu wa waharibifu tu.

Ya mjini hayakuwa na bahati. Frankfurt, katika makaburi ya Battonnstraße ambayo jiwe lake la zamani kabisa ni la 1272, manispaa iliamuru mawe yavunjwe wakati wa vita, na sehemu kubwa ilivunjwa kabla kazi haijakwama. Nje ya ukuta wa makaburi hayo leo kuna vipande vidogo vya chuma zaidi ya 11,000 vyenye majina ya Wayahudi wa mji huo waliouawa. Hao hawana kaburi lolote. Berlin, makaburi ya Große Hamburger Straße alikozikwa mwanafalsafa Moses Mendelssohn mwaka 1786 yalifutwa 1943. Kilomita chache kutoka hapo, Weißensee, hekta 42 zenye makaburi kama 115,000, yamebaki karibu mazima. Atafutaye mantiki katika hilo atachoka.

Kuna kinaya kingine kinachonitia mashaka kila nisikiapo watu wakisema jiwe la makaburi lihifadhiwe palepale kwa gharama yoyote. Mawe ya zama za kati yanayosomeka vizuri kuliko yote ni yale yaliyoibwa. Wayahudi wa Mainz walipofukuzwa karne ya 15 mawe yao yalichukuliwa kujengea. Yakachimbuliwa baadaye kutoka kuta na misingi, na mwaka 1926 yakasimamishwa tena sehemu ya makaburi ya zamani. Huko Spandau, pembeni mwa Berlin, mawe yaliyojengewa ngome baada ya Wayahudi wa Brandenburg kufukuzwa mwaka 1510 yalitokea ukutani, la zamani kabisa likiwa la 1244. Na Würzburg, mwaka 1987, jengo lilipobomolewa katika mtaa wa Pleich vilitoka vipande karibu 1,500 vya makaburi ya kati ya karne ya 12 na ya 14. Vimekaa ukutani karne kadhaa, herufi zimegeukia chokaa, mvua haikuzigusa. Viko sasa ndani ya jengo la jumuiya ya Kiyahudi ya Würzburg, vimesomwa na kuchapishwa. Jiwe la kijijini la 1780, lililoheshimiwa na kuachwa mahali pake, limekwisha kuwa bubu.

Jiwe linakufaje? Vijijini kusini na katikati ya Ujerumani mengi ni jiwe la mchanga, jekundu au la manjano, kwa kuwa ndilo lililochimbwa karibu na lilikubali patasi. Jiwe hilo lina tabaka kama chapati iliyokunjwa. Ardhini tabaka zimelala. Mchonga mawe anayetaka ubao mrefu mwembamba hukata kufuata tabaka, kisha ubao unasimamishwa: sasa tabaka ziko wima, ncha zake zimeachama juu kupokea mvua. Chini, robo au theluthi ya jiwe imo udongoni na inanyonya maji kama utambi wa kandili. Usiku wa baridi maji yanaganda na kutanuka kwa karibu asilimia 9. Mchana yanayeyuka. Chumvi iliyopanda kutoka udongoni nayo hujikusanya nyuma ya uso wa jiwe na kusukuma kutoka ndani. Miaka mingi huoni kitu. Fundi akigonga taratibu kwa kifundo cha kidole husikia sauti ya debe tupu, ndipo hujua uso umeachana na mwili. Halafu yaja majira ya baridi ambayo mistari kumi ya Kiebrania inadondoka kwa mkupuo, kama ganda la mti.

Mawe ya graniti na ya kung'aa ya mwisho wa karne ya 19 hayana ugonjwa huo. Yana wake: herufi za shaba na risasi zilizobandikwa, ambazo nyingi zilinyofolewa wakati wa vita pamoja na uzio wa chuma ili kuyeyushwa. Unachosoma hapo ni matundu ya misumari.

Kisha kuna madhara ya wenye nia njema, na haya ndiyo yanayouma. Mashine ya kuoshea magari inang'arisha jiwe kwa dakika tano na kuondoa milimita moja ya uso wake. Herufi nyingi zina kina cha milimita tatu au nne tu. Brashi ya waya hung'oa madoa ya kijani pamoja na punje za mchanga ambazo madoa hayo yalikuwa yamezishika. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la mchanga na haipitishi unyevu, hivyo jiwe hupasuka pembeni mwa kiraka, na ufa mpya huwa mkubwa kuliko wa zamani. Nondo ya kawaida iliyounganisha vipande viwili hushika kutu, huvimba, hulipasua jiwe kutoka ndani. Itumike ya chuma kisichoshika kutu, pamoja na chokaa. Mmea unaotambaa haung'olewi kwa kuvuta, maana vijizizi vyake huja na uso wa jiwe: kata shina karibu na ardhi, uache ukauke mwaka mzima, ndipo uuondoe kidogo kidogo. Povu la kunyolea na chaki, ambavyo watafuta ukoo hupenda kupaka ili herufi zionekane pichani, huacha mabaki ndani ya vitundu. Maji matupu na brashi laini ya manyoya, basi, na hata hivyo kwenye jiwe zima pekee.

Na jiwe lililoanguka? Tazama limelalaje. Likilala kifudifudi herufi zimehifadhika, hakuna haraka. Likilala chali limekuwa sinia la maji, na kila baridi inalimaliza. Hilo ndilo la kwanza kuinuliwa. Ubao wa sentimita 150 kwa 60 kwa 15 una uzito wa kama kilo 300. Si kazi ya vijana wanne na mtaimbo: ukingo utavunjika, na mguu wa mtu pia. Inatakiwa winchi ya miguu mitatu, mikanda mipana na vipande vya mbao. Shimo la kulisimika tena halipaswi kupita kina cha lile la awali, na mwakilishi wa rabi awe amekubali kabla koleo halijagusa udongo.

Tuje kwenye kusoma, maana hapo ndipo hasara inapopimika. Juu ya jiwe huwa kuna herufi mbili, פ״נ, yaani "hapa amezikwa". Chini kabisa huwa kuna tano, תנצב״ה, ufupisho wa dua itokayo 1 Samweli 25:29, kwamba nafsi yake ifungwe katika furushi ya uhai. Ukiona hizo mbili umejua kichwa na mkia. Katikati kuna sifa, jina, jina la baba, na kwa mwanamke jina la mume, kisha siku ya kufa na mara nyingi ya kuzikwa. Jina la ukoo usilitegemee kabla ya mwanzo wa karne ya 19. Wayahudi walilazimishwa kuyachukua kwa amri, Baden 1809, Prussia 1812, Bavaria 1813. Kabla ya hapo ni fulani bin fulani wa kijiji fulani. Jina likifutika usikate tamaa: soma herufi ya kwanza ya kila mstari wa sifa kutoka juu hadi chini, kwani mara nyingi mtungaji alilificha jina la marehemu humo, sanaa ambayo washairi wetu nao wanaifahamu.

Tarehe huandikwa kwa herufi. Aliyeijua hesabu ya abjadi chuoni hatapata taabu: alef ni 1, yod 10, kof 100, tav 400. Chukua mwaka ulioandikwa תקפ״ה. Tav 400, kof 100, pe 80, he 5, jumla 585. Maelfu hayaandikwi, herufi tatu zinazofuata hutangaza kwamba hii ni "hesabu ndogo", kwa hiyo ni mwaka 5585 tangu kuumbwa ulimwengu. Ongeza 1240 kwenye 585, unapata 1825. Ila mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba, hivyo mwezi ukiwa Tishri, Heshvan au Kislev ongeza 1239, na ukiwa Tevet tazama kalenda, maana mwezi huo kwa kawaida hukalia Desemba na Januari. Siku nayo huanza magharibi, kama ilivyo kwa Waislamu, kwa hiyo aliyekufa Jumanne saa mbili usiku jiwe linamwandika Jumatano ilhali daftari la serikali linasema Jumanne. Wengi wamedhani wamepata watu wawili.

Mitego mikubwa ni jozi za herufi. Dalet ni 4 na resh ni 200, tofauti yao ni pembe moja. He ni 5 na het ni 8, tofauti yao ni upenyo mwembamba juu ya mguu wa kushoto: ה, ח. Ongeza na hili: wachonga mawe wengi walikuwa Wakristo wa kijijini walionakili wasichokielewa, hivyo makosa mengine yamo tangu siku ya kwanza. Alama husaidia kidogo. Mikono miwili iliyonyooshwa ni ya ukoo wa makuhani, jagi ni la Mlawi, baragumu ni la aliyepuliza pembe sinagogini, kisu ni cha ngariba. Kulungu ni Naftali, ambaye sokoni aliitwa Hirsch, yaani kulungu kwa Kijerumani, na kwenye karatasi za serikali pengine Heinrich. Mtu mmoja, majina matatu.

Ndiyo maana nyuma ya jiwe ni muhimu kama mbele. Kuanzia karne ya 19 Kijerumani kilianza kuingia, kwanza mgongoni, baadaye mbele chini ya Kiebrania, na humo ndimo lilimo jina la kiserikali linaloweza kuunganishwa na madaftari ya vizazi na vifo. Madaftari hayo yenyewe yana hadithi yake chungu: mengi yalipigwa picha za filamu kwa amri ya ofisi ya Wanazi iliyochunguza nasaba, vitabu vikapotea mwisho wa vita, filamu zikabaki. Muuaji alitunza kumbukumbu kwa sababu zake. Leo ndizo zinazotumika kumtambua aliye chini ya jiwe lililofutika.

Kazi ya kuandikisha si ghali, na hapo ndipo hasira ya makala hii ilipo. Chora ramani ya safu, kila jiwe lipewe namba. Pima urefu, upana na unene, andika aina ya jiwe na upande linaotazama. Weka kamera kwenye stendi mbele ya jiwe, usiisogeze. Msaidizi ashike kioo kikubwa au taa pembeni kabisa, mwanga ukwangue uso wa jiwe, kwanza kutoka kushoto, kisha kulia, kisha juu. Herufi zisizoonekana mchana huibuka kwa kivuli chao. Kisha mgongo, kisha kitako, ambako fundi pengine amechonga jina lake. Novemba hadi Machi ndiyo miezi bora: majani hayapo, jua liko chini. Watu wawili waliozoea humaliza mawe kadhaa kwa saa. Picha na matini zikipelekwa kwa taasisi yenye hifadhidata ya wazi, kama Taasisi ya Steinheim ya Essen ambayo imekwisha kuweka mtandaoni maandishi ya makumi ya maelfu ya mawe, msomaji wa Haifa au Buenos Aires anaweza kusahihisha usomaji wa kijiji cha Hessen bila kupanda ndege.

Msomaji wetu anayeishi Hamburg au Frankfurt na anataka kwenda kuona, ajue kwamba ufunguo wa makaburi ya kijijini huwa ofisi ya manispaa, kwamba Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi hapafunguliwi, kwamba mwanamume hufunika kichwa, kwamba huwekwa kijiwe badala ya maua, na mikono hunawiwa wakati wa kutoka. Asikanyage katikati ya safu ovyo. Kaburi liko mbele au nyuma ya jiwe kutegemea mahali, na jiwe halikuambii.

Mabaki mengine nitayapita haraka, kwa sababu mengi yamepata watetezi. Mwimo wa kulia wa mlango wenye kijitaro kilichokaa mshazari ulikuwa na kibweta cha maandiko. Visima vya kuogea kwa utakaso wa kidini vya Speyer na Friedberg, hicho cha mwisho kimeshuka mita 25, vina tikiti na mwongozaji. Mawe yenye uso wa shaba na majina ya waliouawa na Wanazi, ya sentimita 10 kwa 10, ambayo msanii Gunter Demnig alianza kuyapachika vijia vya miguu yalifika 100,000 mwaka 2023. Hayo yanang'arishwa, yanapigwa picha, watoto wa shule wanapewa. Jiwe la Kiebrania msituni halina mtoto wa shule, maana kulisoma kunataka kazi.

Wayahudi waliojiandikisha katika jumuiya za Ujerumani leo ni karibu 90,000, wengi wao wametoka nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovieti baada ya 1990. Kuwatwika wao mzigo wa mawe ya vijiji ambamo babu zao hawakuishi ni dhuluma. Mzigo ni wa dola. Na dola haihitaji kuvunja mpango wa 1957; inahitaji kuongeza mstari mmoja, fungu linalohesabiwa kwa jiwe badala ya mita, la kupiga picha na kusoma, litolewe mara moja kwa kila makaburi na lisipatikane kwa kuomba. Jiwe libaki lilipo. Likitaka kufa, life kama dini inavyoruhusu, likiwa limekwisha kusomwa.

Utaratibu wa sasa ni kinyume: kwanza linasimamishwa, kisha linasuguliwa, kisha, siku fedha zikipatikana, anaitwa wa kulisoma. Anafika, anapiga magoti, anaweka taa pembeni. Tav iko, kof iko, pe iko. Herufi ya nne ina paa na mguu wa kulia. Juu ya mguu wa kushoto, pale penye upenyo unaotenga he na het, punje zimeanguka. Anaandika kwenye fomu: 1825 au 1828.